Kigoda cha Fundi wa Redio

Fundi wa redio wa Kawangware hazimi redio ghafla. Huishusha sauti polepole mpaka mtangazaji anong'one, ndipo huizima. Vidole vyake vina makovu ya chuma cha moto cha solda, na mteja akiingia amefura kwa hasira, humvutia kigoda kabla hata ya salamu. Leo alimvutia Syombua, muuza maji, ambaye swichi ya pampu yake ilikuwa imekufa tena na watu wamepanga madebe wakimngoja.

Syombua aliketi, akayamwaga yote: kwamba fundi ni mwongo, kwamba transista zake ni mbovu, kwamba fundi Ndungu wa ng'ambo ya barabara angekuwa ameshamaliza. Fundi aliweka chuma kando, akawa anaitikia tu, "Mm. Kweli, mama." Maneno yalipomwishia Syombua, fundi akaifungua swichi, akamwonyesha koili ya waya iliyo ndani na transista ndogo inayoiwasha na kuizima.

"Transista haifi pampu ikiwaka, mama. Inakufa ikizimwa. Hii koili ukiikatia stima ghafla inarusha teke, na teke linaiangukia transista. Mimi nilikuwa nazika tu iliyokufa na kuweka nyingine, siulizi kilichoiua."

Akachukua dayodi, kidude kinachopitisha stima upande mmoja tu, akaupapasa mstari wake kwa ukucha asije akaiweka kinyume, akaiunganisha kutoka ncha moja ya koili hadi nyingine.

"Sasa hasira yake ina mahali pa kuzunguka mpaka ichoke."

"Na haitaumiza kitu?"

"Haitaumiza."

Syombua akainama kukitazama kigoda alichovutiwa alipoingia amefura.