Sindano ya Mke wa Kijana Wangu

Kwetu mwanamume hamkaribii mke wa mtoto wake. Humpi mkono, wala hukai naye kiti kimoja. Mama mkwe wangu mimi, alale salama, siku moja aliniona nikija akaingia ndani ya miwa kunikwepa, akatokea upande ule mwingine uso umekatwakatwa na majani. Na alikuwa amebeba maziwa. Lakini hayo ya maziwa tuyaache.

Mke wa kijana wangu alikuwa na mimba kubwa, na nyumba nzima tulikuwa na mafua, ambayo mimi ndiye niliyeyaleta kutoka matanga kule Matete. Mama anayezungukia boma zetu kwa mambo ya afya akapita, akatuambia zahanati imeletewa chanjo ya mafua ya wajawazito, kidogo tu, na ikiisha haijulikani itarudi lini. Kijana wangu alikuwa Kabras kukata miwa. Mke wangu alikuwa kwa dada yake Ekero. Na huyu binti huogopa sindano mpaka macho yanageuka. Akasema peke yake haendi.

Nikabaki mimi.

Tulienda yeye mbele, mimi nyuma mbali, kama watu wasiojuana. Zahanatini nikasimama nje kwenye jua, lakini akina mama wa kwenye benchi walikuwa wameshaniona.

"Mzee, kumbe nguvu bado iko," mmoja akasema.

Wakacheka. Nikasema huyo ni mke wa mtoto wangu, wakacheka zaidi. Nilivua kofia, nikaivaa tena.

Muuguzi alikuwa mtoto mdogo tu, lakini alieleza vizuri kuliko redio. Alisema mafua humpiga mjamzito vibaya, na mama akichanjwa, kinga inampitia mtoto tumboni, imlinde ile miezi ya kwanza ambayo yeye mwenyewe bado ni mdogo mno kuchanjwa. Mimi niliishia darasa la pili, na hilo nililielewa.

Basi binti akaiona sindano. Akasimama, akasema anarudi nyumbani. Miguu ikamlegea, akaanza kuteleza ukutani na lile tumbo.

"Mzee, mshike!" muuguzi akaita.

Nilimshika. Mbele ya watu wote, mikono yangu hii, begani na mgongoni, na mkono wa gauni ukiwa umepandishwa juu. Nilifumba macho. Niliyafumba sana, kama mtoto anayejificha, na bado nilisikia anavyotetemeka, halafu muuguzi akisema imekwisha.

Habari ilifika Ekero kabla sijafika nyumbani. Mke wangu aliporudi hakunikemea. Aliniuliza kama ningemwacha aanguke, nikasema hapana. Akasema basi nitoe kuku, ili ile haya ya kumgusa iondoke, ndivyo wazee walivyofanya.

Nikatoa jogoo mkubwa. Binti akapika ingokho, yule kuku, na obusuma, ugali wetu, akaniwekea mezani. Siku zote huweka akaondoka mbio. Siku hiyo alisimama. Masikio yangu yalikuwa moto. Niliitazama sahani tu.

"Baba," akasema, "mtoto anacheza sana leo."

Nilitaka kumwambia asante kwa kukubali ile sindano, na kwamba ningemshika tena hata mbele ya soko zima.

Nikaomba chumvi.