Hesabu zangu zilisema chuma cha daraja ni kizima, kabla hatujakiosha

Wakuu, nawasalimu kutoka Masisi. Naandika yaliyotokea kama yalivyokuwa, hata yale yanayoniaibisha.

Nimesomea ujenzi. Kazi yangu ya kumaliza chuo ilikuwa modeli ya kompyuta: sauti isiyosikika kwa sikio inapita ndani ya chuma, ikikuta ufa inarudi kama mwangwi. Kompyuta inachora mwangwi wa ufa, unalinganisha na ule unaosomwa na mashine ya kupimia.

Nikaenda kuijaribu kwenye daraja dogo, njia ya Pinga.

Siku hiyo lori la maharagwe lilikuwa limesimama hapo, abiria juu ya magunia. Kamati ya barabara ilisema nikikubali, livuke.

Nikapima. Mwangwi ulikuwa mdogo mno. Modeli ikasema chuma ni kizima.

Shofa wa lori, Papa Bosco, alishachoka. "Injeniere, hiyo televizyo yako itaisha saa ngapi? Maharagi itaota humu ndani ya magunia!"

Nilikuwa nataka kusema vuka. Mama Furaha, anayesimamia salongo, ile kazi ya pamoja ya kila wiki, akaniuliza:

"Na ile ufa yetu, umeiona?"

"Ufa gani, Mama?"

"Ya huku chini. Kila salongo tunaipaka mafuta ya mawese, kutu isiingie."

"Hakuna mwenye aliniambia."

"Na wewe haukuuliza."

Mimi najisifu kuhoji kila kitu. Kumbe mstari mmoja wa hesabu zangu sikuwahi kuuhoji: kwamba ndani ya ufa mna hewa tu. Hewa hurudisha sauti. Ufa mwembamba uliojaa mafuta huiacha sehemu kubwa ipite.

Hata yeye sikumwamini hivi hivi. Huenda ulikuwa mkwaruzo wa rangi tu.

Tukaosha mahali hapo kwa petroli ya pikipiki, tukaacha jua likaushe. Papa Bosco akanuna. Nikapima tena palepale.

Mwangwi ukapanda. Ulikuwa ufa, tena wa kina.

Nikasema lori lisivuke. Watu wakashuka, wakavusha magunia mgongoni, shofa akageuza gari.

"Petit," yaani kijana, akaniambia dirishani, "kama hii daraja itafika Noeli bila kuvunjika, nitakutafuta!"

Wakuu, sijui kama lingevunjika. Huenda lori lingevuka salama, nami ningerudi Goma nikisifu hesabu mbovu. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi.

Somo nililopata: kabla ya kuamini modeli, waulize wanaokitunza kitu wanakifanyia nini. Simaanishi wanajua yote. Mama Furaha alijua ufa upo, hakujua umeingia kiasi gani.

Nilipokuwa nikifunga mashine, akaniuliza: "Sasa tuache kupaka?"

Wakiacha, kutu italila daraja. Wakiendelea, atakayekuja kupima baada yangu, asipoambiwa aoshe kwanza, hataona kitu.

Wenye uzoefu wa chuma humu, ninyi mngemwambia nini?