Mdudu wa Mzee Maduhu

Mzee Maduhu alisema ni mdudu. Alisema hivyo siku ya kwanza, akarudia kila alipoulizwa. Uongo ukirudiwa sana huota mizizi. Hata yeye mwenyewe akaanza kumchukia huyo mdudu.

"Aliingia nikiwa nimelala," alimwambia jirani.

"Anatembea?"

"Alitembea. Sasa ametulia."

Hapakuwa na mdudu. Ndani ya sikio lake la kulia kulikuwa na ushanga wa mke wake.

Mkewe, Nyamizi, alifariki pamba ikianza kupasuka. Alikuwa mwanamke mrefu, wa mwendo wa taratibu, na kiunoni alivaa shanga nyekundu tangu usichana wake. Kuziona, aliziona mumewe tu. Lakini zilisikika. Akipita na ndoo, akiinama kufagia, cha-cha, cha-cha, chini ya kitenge. Maduhu alijua mkewe yuko wapi pasipo kuinua macho. Aliishi na sauti ile mpaka mvi zikamjaa, wala hakuwahi kuisifia. Mtu hasifii pumzi yake.

Siku ya kumaliza matanga, vitu vya marehemu viligawanywa. Vitenge, masufuria, jembe lake. Shanga zilikuwa haki ya Nyanjige, mdogo wake marehemu. Ndivyo walivyozoea: shanga za mwanamke huenda kwa ndugu yake wa kike, haziachwi mikononi mwa mume. Zikatafutwa ndani, zikatafutwa nje. Hazikuonekana.

Nyanjige hana ulimi wa kufungwa kamba. Alisimama katikati ya uwanja, watu wote wapo.

"Aliyekuwa akimwogesha dada yangu ndiye anayejua zilipo."

Aliyekuwa akimwogesha ni Jenifer, mke wa Bujiku, kitinda mimba wa mzee. Bujiku yuko machimboni Geita. Mkewe ndiye aliyebaki nyumbani, na ndiye aliyemuuguza mama mkwe mpaka mwisho. Watu walimgeukia. Jenifer akatazama chini. Mzee Maduhu alikuwa palepale juu ya kigoda, shanga zimefungwa kwenye kitambaa ndani ya koti lake, zinamgusa mbavu. Alifungua mdomo. Akaufunga. Tangu siku ile Nyanjige hakuitika tena salamu ya Jenifer.

Mzee hakuzichukua kwa ubaya. Mchana, jua likiwa kali na watu wako shambani, alikuwa akijilaza, anazitoa, anazishika juu ya sikio, anazitikisa kidogo. Cha-cha. Nyamizi anapita. Hapo ndipo usingizi ulipomjia. Bila hivyo hakulala.

Kisha siku moja uzi ukakatika. Nao ulikuwa umezeeka. Shanga zikamwagika shingoni, zikamwagika juu ya mto, na mmoja ukaingia sikioni.

Alijaribu kuutoa kwa njiti ya kiberiti. Ukazama. Akamimina samli ili uteleze. Ukalala humo raha mustarehe. Baadaye sikio likaanza kuuma, likatoa usaha, likanuka. Nzi wakamjua. Wazee wenzake wakikutana, yeye akawa anachagua kukaa upande ule upepo unakokwenda, asimuudhi mtu.

Jenifer ndiye aliyeona. Lakini kwao mkwe na mkamwana hawaketi pamoja, hawatazamani usoni, wala hawaitani majina. Neno likilazimu, hupitia kwa mtoto. Na mtoto mwenyewe ni Salu, wa mgongoni, hajaota hata jino. Asubuhi moja Jenifer alisimama nje ya mlango wa mzee, ameupa mlango mgongo.

"Salu, mwambie babu sikio linaoza. Mwambie leo tunakwenda Bariadi."

Kitanda kikalia ndani. Halafu sauti ya mzee ikatoka.

"Salu, mwambie mama yako mdudu atatoka mwenyewe."

"Salu, mwambie babu mdudu aliyekufa hatembei."

Mzee akavaa koti.

Bodaboda ziliitwa mbili. Dereva mmoja, mgeni wa mjini, akacheka. "Mzee, mbili za nini? Tunapiga mshikaki! Wewe katikati, mama nyuma, tunafika kabla chai haijapoa."

Mwenzake, mzaliwa wa kijiji, akampiga kofi la bega. "We! Huyo ni mkwewe. Unataka mzee afe njiani?"

Mzee akapanda ya mbele, Jenifer akapanda ya nyuma. Vumbi likawa baina yao, nalo lilikuwa stara. Njia nzima mzee aliwaza neno moja. Hakuogopa sindano, hakuogopa kisu. Aliogopa macho ya mkamwana. Ushanga ule ukitoka mbele yake, atajua ni nani aliyekaa kimya juu ya kigoda yeye akiitwa mwizi. Basi akapanga: atamwambia daktari mama asubiri nje.

Daktari alikuwa kijana aitwaye Ansbert, mtu wa Bukoba aliyeletwa kikazi.

"Mwangaluka, mzee!"

"Mwangaluka."

Kisukuma chake kiliishia hapo. "Haya, shikamoo. Unasumbuliwa na nini?"

"Mdudu. Sikioni." Mzee akashusha sauti. "Mama asubiri nje."

"Akisubiri nje, nani atakushika? Muuguzi wangu ameitwa wodi ya wazazi. Sikio halitaki mchezo, mzee wangu, ukijitikisa nitakuumiza. Mama, njoo umshike baba kichwa."

Hakuna aliyesogea. Jenifer alikuwa mlangoni, anatazama ukuta. Mzee anatazama sakafu.

"Mbona mmeganda?"

"Ni mkwe wangu," Jenifer akauambia ukuta.

"Ahaa." Ansbert akakuna kidevu. "Hata kwetu mkwe ni mkwe. Lakini sikio halijui hayo. Likiharibika, linaharibika tu."

Jenifer alisimama kidogo. Kisha akachukua pindo la kanga, akaizungushia mikono yake yote miwili, akaja nyuma ya mzee, akamshika kichwa. Salu mgongoni akacheua.

Mzee Maduhu alifumba macho. Uso ulimwaka kama mtu aliyekaa karibu na tanuru. Mikono ile ilikuwa imara, haitetemeki. Ni mikono iliyomgeuza Nyamizi kitandani alipokuwa hawezi kujigeuza. Ni mikono aliyoiacha iitwe ya mwizi. Sasa imemshika kichwa, naye ananuka.

Ansbert akafuta usaha kwa pamba, akawasha taa, akachungulia.

"Mh. Mzee, mdudu gani huyu mwekundu, anang'aa?"

Mzee akazidi kufumba macho.

"Na humu umemimina nini?"

"Samli."

"Samli! Kumbe mgeni umemkirimu, ndiyo maana hataki kuondoka." Akacheka peke yake. Akachukua kifaa chembamba chenye kindoano kisicho na makali. "Usitikisike. Mama, kaza."

Mikono ikakaza. Maumivu yakapita kama moto, yakaenda mpaka kwenye meno. Mzee alitaka kulia, akameza. Halafu kitu kikaachia.

Ti.

Ushanga uliangukia kwenye bakuli la chuma. Sauti ndogo, na mzee aliisikia kwa sikio lilelile.

"Ushanga!" Ansbert akauinua kwa koleo, akautazama kwenye taa. "Mzee, huu umetoka wapi?"

Mzee akafumbua macho, akaona wekundu wa ushanga ule, akajua na Jenifer anauona. Jenifer alizijua shanga zile. Aliziona kila alipomwogesha mama mkwe. Mikono ilikuwa bado kichwani pake. Akangoja iondoke. Haikuondoka.

"Ni wa mtoto," Jenifer akasema. "Wa huyu Salu. Watoto wanachezea kila kitu."

"Ee, mjukuu kampa babu mdudu!" daktari akacheka.

Salu hana ushanga hata mmoja. Mzee Maduhu alitamani sakafu ipasuke. Alikuwa amejiandaa kwa hasira ya mkamwana, kwa dharau, hata kwa kusemwa mbele ya mgeni. Kwa kusitiriwa hakuwa amejiandaa.

Sikio likazibwa pamba, akapewa dawa ya matone. Akaonywa asiingize kitu sikioni tena, hata unyoya wa kuku. Akasimama kwenda, akarudi.

"Daktari, nipe mdudu wangu."

Ansbert akaufunga ndani ya kipande cha bandeji, akampa.

Nje palikuwa na benchi chini ya ukuta. Mzee akaketi. Jenifer akasimama mbali kidogo, ameupa mgongo upande wa mzee, kama ipasavyo. Salu akageuza kichwa, akamkodolea babu macho.

"Salu," mzee akasema. Akakohoa. "Salu, mwambie mama yako, shanga za bibi alizichukua babu."

Jenifer hakugeuka.

"Mwambie babu alikuwepo siku ile uwanjani. Alisikia yote. Akanyamaza."

Magari yakapita barabarani. Muuza karanga akaja, akatazama, akaenda zake.

"Salu," Jenifer akasema polepole, "mwambie babu nilijua. Nilianika mto wake juani, nikaziona. Nikazirudisha."

"Mwambie... mbona hakusema?"

"Mwambie babu mkwe hanyooshewi kidole."

Mzee akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa koti. Siku zote zile mkamwana alimpikia, akamtekea maji, akasikia anasengenywa kisimani, naye anajua. Na maji akaendelea kuyateka. Akaikunja bandeji ngumini. Alikaa hivyo mpaka dereva wa bodaboda akapiga honi.

"Mzee, tunarudi?"

"Tunapitia Lagangabilili. Kwa Nyanjige."

Nyanjige alikuwa uani anaanika michembe, vipande vyeupe vya viazi vimejaa juu ya turubai. Alimwona shemeji yake, akashika kiuno. Wao ni watani tangu zamani.

"Shemeji! Mbona umezibwa pamba sikioni kama maiti? Au umechoka kusikia, unajiandaa kumfuata dada?"

Mzee hakurudisha utani. Alifungua bandeji, akanyoosha kiganja. Ushanga ukakaa katikati, mwekundu.

Nyanjige akasogea. Mkono ukaachia kiuno.

"Ulikuwa sikioni mwangu," mzee akasema. "Zilizobaki ziko chini ya mto. Nilizichukua mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Huyu mkamwana hakujua lolote siku ile. Nami nilimwacha asimame peke yake."

Jenifer alikuwa nje ya ua, kando ya pikipiki, hajaingia. Nyanjige alimtazama, akamtazama mzee, akamtazama tena Jenifer. Akaokota ushanga kiganjani mwa mzee, akaufunga kwenye pindo la kanga yake, akakaza fundo kwa meno.

"Kesho nakuja kuzichukua zote."

"Njoo."

Akaingia ndani. Akatoka na kigoda. Mzee akadhani ni chake, akasogea. Nyanjige akampita, akaenda mpaka kwenye mlango wa ua, akakiweka chini kivulini.

"Mayu, mama," akamwita Jenifer, "njoo ukae. Mtoto nipe mimi, umechoka." Akageuka. "Wewe simama hapohapo."

Mzee Maduhu akasimama. Jua lilikuwa utosini. Madereva wa bodaboda walimtazama, wakatazamana, hawakucheka. Nyuma yake wanawake wawili walianza kusema, mmoja kwanza akisitasita, kisha wote. Waliongea chini chini, lakini hata kwa pamba sikio lilikuwa limefunguka, akasikia kila neno. Hakugeuka, wala hakuomba kiti.