Ukurasa wa Kwanza

Juzi nilikuwa stesheneri moja eneo la Mpemba nikingoja kutoa kopi. Mbele yangu mzee mmoja, profesa mstaafu aliyefundisha walimu fasihi ya Kiingereza, alichukua notsi za riwaya moja zinazouzwa kaunta, akazifunua, akatabasamu.

"Hizi niliandika mimi," alisema. "Mbona ukurasa wa kwanza haupo?"

Dada wa mashine ya kopi hakuinua macho. "Niliutoa, baba. Ulikuwa unawaambia watu wakasome kitabu chenyewe. Nani angenunua notsi?"

Profesa alicheka mpaka akashika kaunta, foleni nzima tukacheka naye.

Mimi nilicheka kwa aibu kidogo. Nilifaulu mtihani kwa notsi hizo hizo, zikiwa bado kamili, lakini ukurasa ule niliuruka. Aliyeusoma ni yule dada aliyeutoa.