Barua Iliyosomwa Kanisani Beni

Katika miaka ile ya uasi mji wa Beni ulibadilisha wakubwa mara kwa mara, na mchungaji wetu aliwaombea wote kwa sentensi moja: "Asante Bwana kwa viongozi uliotupatia." Kundi moja lilikimbia, jingine likaingia, kamanda mpya akaketi kwenye kiti kilekile cha mbele kanisani, na sentensi ikarudi bila neno kuongezwa wala kupunguzwa. Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili katika sheria. Vita vilikuwa vimefunga njia ya kurudi chuoni, nikabaki na mazoea ya kupima maneno bila kazi ya kuyapimia. Nilipoisikia sentensi ile kwa kamanda wa tatu, nilishindwa kusema amina.

Sikuamua kuacha kanisa. Nilianza kwa kunyamaza wakati wengine wakiitikia, kisha kunyamaza kukawa ndiyo sala yenyewe. Nilihamia Butembo, nikapanga chumba katika mtaa wa Mususa na kufundisha katika shule ya sekondari. Kila asubuhi, kabla waseremala wa jirani hawajaanza kupiga randa, nilijifunga kitenge juu ya sweta, nikapanda hadi kwenye mikaratusi nyuma ya nyumba, nikaketi. Sikuimba, sikuomba kitu. Nilisubiri fikra zangu, ambazo hubishana hata ninapochambua mchele, zichoke. Kulikuwa na dakika chache, tena si kila siku, ambapo nilihisi ninatazamwa kwa wema. Siwezi kueleza zaidi ya hapo, na nimejaribu.

Nilitaka mtu mmoja tu ajue: mama mdogo wangu wa Beni. Alinilea tangu mama alipofariki, naye ndiye aliyenifundisha kupiga magoti. Kanisani alikuwa kiongozi wa wamama. Nilimwandikia barua ya karatasi mbili, nikaichana na kuiandika upya mara tano kwa kuogopa kwamba neno moja lingemuumiza. Sentensi yake kuu ilikuwa hii: "Sijamwacha Mungu, nimeacha kuongea naye kwa maneno ya watu wengine." Mwishoni niliongeza: "Hii ni yako peke yako." Nikamkabidhi dereva wa lori la viazi, mtu wa kanisa letu aliyeteremka Beni kila juma.

Jibu lilikuja kwa mdomo wa dereva huyo.

"Mama anasema ukuye siku ya yenga, ku ibada. Anasema usiogope, yeye iko pamoja na weye."

"Aliisoma yote?"

"Alianza kusoma anasimama, kiisha akaikala chini. Ingine mimi sijue, mwalimu. Nilikuwa nashusha viazi."

Kwa siku mbili niliishi juu ya neno "pamoja". Nililigeuza kila upande, na kila upande ulinipendeza. Jumamosi nilipanda lori hilohilo, na tulipokaribia joto la Beni nikavua sweta nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu vita vianze. Mama mdogo alinikumbatia muda mrefu kuliko kawaida. Alinipa kitenge cha sare ya wamama, kimepigwa pasi. "Utavaa hii kesho," alisema. Nilikichukua kama zawadi.

Katika kanisa letu kuna desturi ya nidhamu. Mshiriki aliyeanguka huketi benchi la nyuma, hashiriki Meza ya Bwana, mpaka asimame mbele ya wote na kutubu kwa sauti. Na anayejua kosa la ndugu yake akalificha, au akashindwa kumleta atubu, huketi nyuma vilevile. Tangu utotoni niliwaona wakipita mbele: waliooa mke wa pili, waliokunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Mimi niliyesoma sheria, niliyeweza kutaja vifungu bila kufungua kitabu, sikuwaza hata mara moja kwamba ukimya wangu ungeweza kuingia katika orodha ile.

Jumapili hiyo, baada ya mchungaji kumshukuru Mungu kwa ajili ya viongozi, alisimama mzee wa kanisa, fundi cherehani aliyewahi kunishonea sare za shule. Mkononi alikuwa na karatasi mbili. Nilizitambua kwa mikunjo yake.

"Kuna ombi la maombi," alisema, "kutoka kwa mama yetu, juu ya binti yake."

Akasoma. Alisoma vizuri, kwa sauti ya kujali. Alifika kwenye sentensi yangu: "Sijamwacha Mungu, nimeacha kuongea naye," na hapo karatasi ya kwanza ikaisha. Alitikisa kichwa. Kanisa zima liliguna. Alipoanza karatasi ya pili, maneno yaliyobaki yalimezwa na ule mguno.

Ninaona aibu kukiri kwamba wazo langu la kwanza lilikuwa kuinua mkono ili nisahihishe usomaji. La pili lilikuwa kumtafuta mama mdogo kwa macho. Alikuwa katika safu yake, amefumba macho, midomo ikitembea.

"Mutoto wetu, kuya mbele," mchungaji aliita. "Hakuna mutu atakukula."

Watu wakacheka kwa upole. Kamanda, mtu wa mkoa mwingine, akageuka kwenye kiti chake.

"Mademoiselle, tubu mbio! Njaa iko!"

Sasa walicheka kweli, na mchungaji pamoja nao.

Nilisimama nikiutazama mlango. Ulikuwa wazi, hatua kama kumi na mbili kutoka nilipokuwa. Ndipo mama mdogo akafumbua macho. Hakunitazama mimi, alilitazama benchi la wazee, na nikaona kwamba anaogopa. Nikitoka, yeye ndiye atakayeketi nyuma. Nikaenda mbele.

"Ninatubu."

"Unatubu nini?"

"Kuomba peke yangu."

Mchungaji alikunja uso. "Hapana. Sema: nimemwacha Bwana."

Nikasema nimemwacha Bwana. Ulikuwa uongo, na wimbo ukaanza, na mikono mingi ikashuka juu ya kichwa changu, mizito, yenye joto.

Jikoni, mama mdogo alisonga bugali bila kunitazama.

"Niliandika kwamba ni yako peke yako."

"Niliona."

"Basi?"

"Mutoto yangu, dereva aliniona nalia na barua mu mikono. Kanisa yote ingejua. Ningengoja baniulize? Bangeniondoa ku wamama."

"Kwa hiyo ilikuwa kwa ajili ya cheo."

"Ilikuwa ajili yako!" Mwiko ulisimama. "Na ajili yangu pia. Weye unafikiri mutu anapendaka na moyo mumoja tu?"

Nilimwomba anirudishie barua. Alisema iko katika bureau, ofisi ya kanisa, wameiweka mu dossier, jalada lenye jina langu.

Fundi cherehani na mke wake walikuwa wamealikwa chakula. Tulipoketi, mama mdogo alinigusa mkono. "Mwalimu, utuombee." Wakafumba macho. Niliomba kwa sauti, kwa utaratibu, kwa majina yote ya heshima, wala sikukwama popote. Waliitikia kwa nguvu.

"Unaona?" mama mdogo alisema, akinisogezea bakuli la sombe, mboga ya majani ya muhogo, huku akijifuta machozi. "Umerudia kwa Bwana."

Nilimwambia ndiyo. Tangu siku ile ameniuliza mengi ya moyoni, na kila mara nimempa jibu, jibu zuri, ambalo lingeweza kusomwa mbele ya kanisa lolote.