Nyumba ya Majina Mawili

Mwanangu, nimesikia mumeo amepata nyumba huku nyumbani na mnataka kuinunua pamoja. Kabla hujatuma pesa nyingine kutoka huko Riyadh, kaa kidogo nikusimulie. Ipo alasiri moja ya Jeddah ambayo hadi leo nikiikumbuka mwili hunisisimka.

Nilikuwa kijana bado, nafanya kazi ya ndani kwa familia moja ya mtaa wa Ruwais. Kazi yangu hasa ilikuwa kumtunza mama yake bosi, bibi mzee tuliyemwita Hajja, pamoja na mumewe ambaye maradhi yalikuwa yamemlaza. Mume wangu mimi, Baba Rehema, alikuwa dereva Riyadh. Sote wawili tulikuwa tukituma pesa Kilifi tununue nyumba, na kila kitu kilikwenda kwa jina lake. Sikuona ubaya. Kumwuliza mume habari ya jina niliona ni kumvunjia heshima.

Alasiri hiyo yule mzee aliwaita wanawe wote. Niliingia na kahawa nikawakuta wamemzunguka kitandani. Mkubwa wao, ambaye kwa muda alikuwa akizungumzia kuiuza nyumba ile tuliyoishi baba yao akishafariki, alikuwa ameinamisha macho. Kiarabu changu kilikuwa kimeshatosha kuelewa. Mzee aliwaambia kwamba walipoinunua nyumba, mama yao aliuza dhahabu yake yote ya mahari, na wakati uleule yeye akaandikisha nusu kwa jina la mkewe. Hakuna mtoto aliyekuwa akijua. Nusu hiyo, alisema, haitaingia kwenye urithi wake, kwa kuwa haikuwa yake hata siku moja.

Kisha akamgeukia mkewe. "Umri wangu wote nimelala kwenye nusu yako," alimwambia, "na hukuwahi kunifanya nijione mgeni."

Mwanangu, nilisimama na dele la kahawa mkononi nikasahau kumimina. Mwana mkubwa aliinuka, akaenda kumbusu mama yake kichwani, na habari ya kuuza ikaishia hapo. Nilikuwa nimezoea kuwaona watu wale ni matajiri kwa ajili ya mazulia na magari. Siku ile niliona utajiri wa namna nyingine, nikajihisi kama nimeingia msikitini na viatu.

Baadaye nikimkanda miguu, Hajja aliniuliza nyumba yangu mimi ina jina la nani. Nikamjibu kwamba mume wangu ni mtu mzuri.

"Basi andikianeni," akasema. "Mtu mzuri ndiye wa kuandikiana naye. Mbaya utamwambia nini akubali?"

Familia ilipokwenda Riyadh kumtembelea binti yao, madam, mke wa bosi, alinipa ruhusa nionane na mume wangu. Tulikutana mtaa wa Batha, kwenye mkahawa mdogo wa chai, watu wakitupita na mizigo yao. Nilimweleza yote. Akaniuliza kama simwamini.

"Wewe nakuamini, Baba Rehema," nikamwambia. "Nisiyemjua ni yule atakayesimama mahali pako siku usipokuwepo."

Alilipia chai, akanisindikiza hadi kwenye gari la bosi, akaondoka bila kugeuka. Nilirudi Jeddah nikidhani nimeivunja ndoa yangu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Alipopiga simu hatimaye, alisema amezungumza na wakili nyumbani: hati itakuwa na majina mawili, na sehemu ya kila mmoja itatajwa. Yangu ilikuwa kubwa kuliko yake. Nilipouliza kwa nini, akasema, "Kwa sababu wewe ndiye uliyetoa zaidi. Nilikuwa najua, ila nilikuwa sitaki kulisema." Nilikaa jikoni na simu mkononi, machozi yakinitoka, kwa kumstahi mtu niliyedhani namjua.

Utafikiri tulizeeka pamoja humo ndani. Hapana, tuliachana. Miaka ya kuishi mbalimbali ilitugeuza wageni, na tuliporudi nyumbani hatukuweza tena. Ndugu zake wakaja kutaka kujua nani atatoka. Baba Rehema akawakalisha chini, akawaambia, "Hapa hakuna cha kubishania. Tulishakubaliana zamani, tukiwa tunapendana."

Nilimlipa sehemu yake kidogo kidogo, akajenga kwake, na sikukuu huja kula pilau na wajukuu. Nimeona watu walioachana wakichomeana nyumba. Sisi twapeana sahani. Hilo bado hunistaajabisha.

Basi sikia. Majina yenu yote mawili yaingie kwenye hati, na sehemu ya kila mmoja itajwe. Risiti za unachotuma zitunze. Na kama yeye ndiye anayelea watoto nawe uko mbali, huo nao ni mchango, msiusahau. Usingoje mkosane, kwani wakati huo hakuna atakayemsikia mwenzake. Mwambie sasa, kwa sauti ileile unayomwambia kuwa unampenda.

Mungu alibariki jasho lako, akupe mume wa kusema naye kweli, na nyumba yenu iwe ya amani kwa kila atakayelala ndani yake. Amina.