Nilisema Masanja Alichelewa Kuzima Rimoti

Mimi ni mwongo. Naanza na hilo ili usije ukanionea huruma kabla hujafika mwisho. Jina langu silitaji, na majina ya wenzangu nimeyabadilisha, lakini hapa Sumbawanga wapo watakaonitambua. Wanitambue tu. Nimechoka!

Nina kibanda cha ufundi Katandala. Simu, redio, sabufa, chochote chenye waya nakifungua. Mama yetu alifariki nikiwa mdogo, na aliyenilea ni dada yangu Yustina. Alikuwa fundi cherehani. Sare za kwaya, magauni ya kipaimara, suti za wazee, vyote vilipita mikononi mwake. Hata vifaa vyangu vya kwanza vya ufundi, yeye ndiye aliyeninunulia. Weka hilo akilini.

Masanja alikuwa mshikaji wangu kabla hajawa mchumba wa dada. Msukuma, wazazi wake walihamia bonde la Rukwa na ng'ombe wao, yeye akaja mjini akafungua duka la dawa za mifugo. Mtu mpole, anacheka polepole. Baba alimsumbua sana. Sisi ni Wafipa wakulima, na wazee wetu wakisikia neno mfugaji wanaona mahindi yaliyoliwa. Lakini Yustina aligoma kuolewa na mwingine, na mwishowe baba akakubali posa.

Sasa, Masanja alikuwa na gari la rimoti. Si lile la plastiki la kuchezea watoto! Alilinunua kwa dereva wa lori kule Kasesya, mpakani na Zambia. Zito kama mtoto mchanga, tairi za mpira, mbio zake bodaboda anageuka kuangalia. Jumapili baada ya misa tulikuwa tunalipeleka uwanjani, watu wanajaa.

Ndani ya gari hilo kuna mota ndogo inayokata kona, mafundi tunaiita sevo. Halafu kuna risiva, kile kidude kinachopokea amri za rimoti. Risiva ya zamani ilikuwa imepangwa vizuri: ukizima rimoti, gari linajifunga breki lenyewe papo hapo. Na mimi, mimi mwenyewe, ndiye niliyemfundisha Masanja. Nilimwambia, "Likikushinda usihangaike na kingine chochote. Zima rimoti."

Wiki ile ya sherehe ya uchumba, sevo ikaungua. Masanja aliniletea gari likinuka plastiki. Alikuwa na mpango wake: pete ya Yustina iletwe na gari, ipite katikati ya wageni mpaka miguuni pake. "Shemeji, naomba uliponye," akaniambia. "Nataka Baba acheke siku hiyo. Sijawahi kumwona akicheka."

Nikafungua. Sevo imekufa, na imeondoka na risiva. Nikatafuta nyingine, zote mbili, nikafunga. Sevo mpya ikawa inalia mzzz kila usukani ukifika mwisho. Nilijua maana yake! Rimoti ilikuwa inailazimisha ikate kona kuliko vyuma vinavyoruhusu, na hicho ndicho kilichoiunguza ile ya kwanza. Dawa yake ni kupunguza kikomo cha usukani kwenye rimoti. Nikasema nitapunguza baadaye.

Halafu nikaliweka gari juu ya kopo la rangi, tairi zinaning'inia. Nikabana gesi, kile kitufe cha mwendo, nikazima rimoti.

Tairi hazikusimama.

Zilizunguka tu, kwa kasi ile ile ya mwisho niliyoiamuru. Risiva mpya ilikuwa haijapangwa ifanye nini mawimbi yakikatika, basi inashikilia amri ya mwisho kama mlevi. Nikajaribu kuipanga, ikakataa. Nikajaribu tena, ikakataa. Mara Masanja huyo mlangoni, na wateja wangu wamekaa kwenye benchi.

"Vipi shemeji, limepona?"

Ningesema, "Bado, usilikimbize, ukizima rimoti halisimami." Maneno hayo yanachukua muda gani? Lakini benchi limejaa watu, na mimi ndiye fundi. Nikamwambia, "Limepona kabisa. Chukua."

Jamani!

Siku ya sherehe upepo wa Ufipa ulikuwa unakata masikio, jua limewaka lakini halipashi. Nyumbani kwa baba, Chanji, uani kumejaa ndugu. Masanja akaliendesha gari taratibu, kikapu kidogo kimefungwa juu, ndani pete. Likapita kati ya miguu ya wageni, likasimama mbele ya Yustina. Vigelegele! Na baba akacheka. Alicheka mpaka akafuta macho.

Ingeishia hapo, leo nisingekuwa na la kukuandikia.

Watu wakapiga kelele, "Tuonyeshe mbio zake!" Hata baba akasema, "Kimbiza tuone, mkwe." Ni yeye aliyesema. Masanja akaniangalia, kama ananiuliza. Nikamwonyesha dole gumba.

Yustina naye hajui kukaa. Pete kidoleni, gauni jipya, tayari alikuwa ameshainuka kwenda upande wa mafiga kumsaidia shangazi kukaanga kuku. Karai la mafuta limechemka hapo.

Gari likatoka mbio, likakata kona ya kwanza, na sevo ikakwama. Nilisikia ule mlio wake, kisha nikasikia umenyamaza. Tairi zimebaki upande, gari linageuka lenyewe kuelekea jikoni. Masanja akafanya nilichomfundisha. Nilimwona kwa macho yangu. Kidole cha kulia kingali kimebana gesi, mkono wa kushoto ukazima rimoti, mapema kabisa, gari likiwa bado katikati ya ua.

Halikusimama. Likapiga figa, karai likapinduka.

Ile sauti ya dada yangu sitaieleza. Sina maneno yake na sitaki kuyatafuta.

Mafuta yalimchukua mkono wa kulia na paja. Tulipofika hospitali vidole vilikuwa vimevimba mpaka muuguzi akaikata pete kwa koleo. Ilikaa kidoleni asubuhi moja tu.

Baba akasimama kwenye korido. Akaniuliza mimi, maana mimi ndiye fundi: "Imekuwaje?"

Masanja alikuwa pembeni, shati limejaa masizi, analia kama mtoto. Ndugu zangu wote wananitazama. Kweli ilikuwa mdomoni, nasema kweli, nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nikasema:

"Alikuwa anajionyesha, Baba. Alichelewa kuzima rimoti."

Baba mdogo akadakia hapo hapo, "Si nilisema? Walianza kutuingizia ng'ombe mashambani, sasa wametuingizia moto nyumbani!" Nilimwacha aseme.

Masanja akanifuata nje. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo linaloniua. "Shemeji," akasema, "mbona mimi niliona nimezima mapema? Nilizima likiwa mbali. Au nimechanganyikiwa?"

Angekuwa na hasira pengine ningemwambia. Lakini alikuwa ananiuliza kama mtu anavyomuuliza daktari.

"Umechanganyikiwa," nikamjibu. "Ulichelewa. Nilikuona."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Akaniamini. Mimi ndiye fundi!

Alikuja hospitali kila siku, baba hamwitikii hata shikamoo. Siku aliyoruhusiwa kuingia, Yustina alikuwa amebandikwa dawa mpaka begani. Nilikuwa nimekaa pale pale kitandani. Dada akamwambia, "Toka. Ulikuwa unawachekesha watu, ukanichoma mimi. Sitaki kukuona." Masanja akapiga magoti kwenye sakafu, akasema, "Nisamehe, ni kosa langu." Kosa lake! Na mimi nimeshika bakuli la uji, namlisha dada yangu, kijiko kinatikisika, dada anadhani natetemeka kwa hasira kwa ajili yake.

Mahari ikarudishwa. Masanja akafunga duka, akahamia Katavi kwa ndugu zake wenye ng'ombe.

Kovu likavuta ngozi. Vidole viwili vya Yustina vilijikunja na havikunjuki tena, hata mazoezi waliyompa hayakusaidia. Alijaribu kurudi kwenye cherehani. Nilimsikia chumbani akijaribu kutunga uzi kwenye sindano, anajaribu, anaacha, anajaribu. Mwisho akaigawa cherehani kwa binti wa jirani. Siku hizi anauza ulezi sokoni, anapima kwa mkono wa kushoto.

Nilikaa na uongo huo nikila, nikilala, nikienda misa. Nikipokea wageni wanaosema, "Dada yako ana bahati kuwa na ndugu kama wewe."

Kisha zikaja habari kwamba Masanja ameoa huko Katavi. Tulikuwa tunakula. Yustina akameza tonge, akasema, "Afadhali. Mtu asiyejali mkono wangu angejali nini kingine?" Akainuka na sahani yake ikiwa imejaa. Nikamsikia nyuma ya nyumba akilia kwa kujizuia.

Nikatoka mpaka barabarani, nikampigia Masanja. Nilikuwa sijawahi kumpigia tangu aondoke. Nikamweleza yote, sevo, risiva, lile kopo la rangi, tairi zilizokataa kusimama.

"Kwa hiyo," akasema, "nilizima kwa wakati?"

"Ulizima kwa wakati."

"Sikuchelewa?"

"Hukuchelewa, Masanja."

"Mke wangu ananishangaa," akasema. "Hata moto wa chai siwezi kusimama karibu nao. Nimejiona muuaji muda wote huu." Nikaanza kumwomba msamaha, akanikatisha. "Umemwambia Yustina?"

"Bado."

"Mwambie leo. Mimi usinipigie tena."

Nikamwambia dada jioni hiyo, baba akiwepo. Nilitegemea atapiga kelele. Hakupiga. Aliniuliza swali moja tu: "Siku ile namfukuza, na wewe umekaa hapo unanilisha, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, dada."

"Nilimfukuza mtu aliyepiga magoti kwa kosa lako." Akasema hivyo, akaingia ndani, akafunga nguo zake kwa mkono mmoja. Anaishi kwa shangazi sasa. Nikipita sokoni anamwambia jirani yake anihudumie. Baba alitaka kwenda Katavi kumwomba radhi Masanja, Masanja akatuma salamu kwamba amesamehe, lakini baba asije, ana mke na hataki maneno nyumbani kwake. Baba haongei nami. Ananiambia "ehe" na "basi".

Kibanda bado kipo. Watu wananiletea vitu, na nikishindwa nasema hadharani, benchi likiwa limejaa, "Hiki sijaweza, kina hatari, usikiwashe." Wananicheka kidogo, wanaondoka. Haiumi! Ndilo jambo nililoliogopa, na haliumi hata kidogo!

Wewe unayesoma hapa, uwe fundi, uwe dereva, uwe mpishi: kazi yako ikiwa na kasoro, itaje kabla mtu hajaigusa. Na kama umechelewa, mtu ameshaumia, basi angalau usitafute mwenzako wa kumbebesha lawama. Mafuta yale yalimwagika kwa bahati mbaya. Yale niliyoyasema kwenye korido niliyachagua neno kwa neno, na ndiyo yaliyomnyima dada yangu mume aliyempenda.